Shampeni Iliyokataliwa na Sisimizi

Ndizi nimezijua kabla sijajua kusema. Nimezaliwa Lupepo, migomba imezunguka nyumba mpaka mlangoni, nikalelewa kwa mbalaga, ndizi za kupika zilizoungwa na chochote kilichopo, asubuhi na jioni. Nilipokuwa mtu mzima nikawa naziuza kwa malori pale Kiwira, barabara ya Mbeya. Kwa hiyo siku daktari aliponiambia niache kula ndizi, nilimcheka usoni.

“Na ugali,” akaendelea. “Na wali. Viazi, mkate, maandazi. Soda usiiguse. Chai, bila sukari.”

“Daktari,” nikamwambia, “sema tu niache kula, tujue moja.”

Alikuwa kijana, mgeni kwetu, kapangiwa kazi kutoka kule Kanda ya Ziwa, na alikuwa na subira ambayo mimi sikupewa. Akanieleza taratibu kwamba damu yangu imejaa sukari, kwamba vyakula vyote hivyo ni vya wanga, na wanga ukishafika tumboni unageuka sukari ileile. Nikimbishia, alisema, kile kidonda cha kidole cha mguu ambacho kilikuwa kinanisumbua tangu kipupwe hakitapona, na vingine vitafuata. Nikamwuliza nile nini basi, mawe? Akataja maparachichi, mboga za majani, mayai, samaki, nyama, karanga, maziwa ya mgando. Maparachichi! Kwetu wakati ule yalikuwa yanaoza chini ya miti na watoto wanarushiana. Sikuwahi kuyahesabu kuwa chakula cha mtu mwenye akili zake.

Lakini siwezi kusema nilishangaa. Sisimizi walikuwa wameshaniambia. Nyuma ya bafu letu la uani, pale maji yanapotokea, walikuwa wamejipanga mstari mrefu kama watu wanaongoja unga enzi za maduka ya ushirika. Nikawamwagia maji ya moto, wakarudi. Nikawamwagia majivu, wakazunguka majivu wakaja. Bibi yangu alikuwa akisema tangu sisi watoto kwamba mtu akikojoa sisimizi wakafuata, huyo ana sukari mwilini. Nilikwenda hospitali kusikia kwa Kiswahili jambo ambalo nilikuwa nalijua.

Basi nikaacha. Mimi nikishaamua, nimeamua. Haji mtu kunishika mkono. Asubuhi nikawa nakula mayai na parachichi, mchana mboga na usipa wa Kyela, dagaa wale wa ziwani kwetu, jioni hivyohivyo na kikombe cha mgando. Wiki za kwanza niliota ugali. Nikaamka nimekasirika, nikagombana na madereva, wakanipisha. Baada ya miezi michache kidonda kikafunga. Miguu ikawa myepesi, nikawa napanda mlima kwenda kwa wakulima bila kupumzika njiani. Niliuza ndizi lori kwa lori na sikuonja hata moja, na nilijiona mwanamke wa maana sana.

Ila nilikonda. Nilikuwa mwanamke mnene, mnene wa kuheshimika, yule ambaye akikaa kwenye benchi la lori wengine wanasogea wenyewe. Sasa magauni yakawa yananing'inia. Na miaka yenyewe ilikuwa ile ya ruksa, serikali imefungulia biashara. Maduka yaliyokuwa na kiberiti na chumvi tu yalikuwa yamejaa redio, mitumba, mafuta ya nywele, biskuti za kila namna. Magari yakawa mengi barabarani, na kwenye magari hayo ukaja pia ule ugonjwa. Tulikuwa tunazika. Karibu kila kijiji tulikuwa tunazika, na hakuna aliyetaja jina lake. Mtu akikonda, watu walitazamana tu.

Na mimi nilikuwa mjane. Mume wangu alifariki kwa homa ya uti wa mgongo, upesi sana, na aliyetaka kujua alijua. Lakini watu wa Kiwira walipiga hesabu zao: mume kaondoka, mke anakonda, mke anafanya biashara na madereva wa Dar. Jibu wakalipata wenyewe. Ameukwaa.

Sikusema kitu. Watoto wangu walijua ni sukari, na dada yangu mkubwa wa Lupepo alijua, na niliwakataza wote kufungua mdomo. Biashara ya ndizi ni nguvu za mwili. Dereva akisikia una ugonjwa, ugonjwa wowote ule, kesho anapakia kwa mwenzako. Tena kwa nini nijieleze? Nani alishawahi kunieleza ya tumbo lake?

Siku niliyoona kwa macho yangu ni siku ya kipaimara cha mtoto wa jirani. Wanawake tulizunguka chungu cha kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi inayomiminiwa maji ya moto na kunywewa kwa mirija, kila mtu na mrija wake ila chungu kimoja. Mimi kimpumu nilikuwa nimeshakiacha, lakini kukaa kwenye chungu na kutoonja ni matusi. Nikaweka mrija wangu, nikavuta kidogo tu kwa heshima. Mwanamke aliyekaa kulia kwangu, ambaye nimemjua tangu tunachunga ng'ombe, akachomoa mrija wake polepole. Akaufuta kwa khanga. Akainuka, akasema anakwenda kutazama mtoto, kisha nikamwona amekaa kwenye chungu kingine, anavuta. Wawili wengine wakamfuata. Nikabaki na chungu kizima peke yangu. Nilitamani kukipiga teke. Iliniuma, nasema kweli, iliniuma kuliko kile kidonda.

Ndipo binti yangu akachumbiwa.

Alikuwa anafanya kazi posta pale Tukuyu, na kijana mwenyewe alikuwa fundi wa umeme wa Ibighi, mpole, mwenye mikono safi kuliko mafundi wote niliowahi kuwaona. Baba yake alikuwa mzee wa kanisa. Mama yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa Songea aliyehamishiwa kwetu zamani akabaki. Mrefu, mkimya, hapaki hata poda. Nilimheshimu na nilimwogopa kidogo, na watu ninaowaogopa si wengi. Mahari ikaenda vizuri, tarehe ikapangwa. Kisha siku moja mshenga wao akaja nyumbani peke yake, akasifu mvua, akasifu ng'ombe, akasifu mpaka paa la nyumba.

“Mzee,” nikamwambia, “bati langu lina kutu. Sema lililokuleta.”

Akakohoa. “Mama, wenzetu wale wanaulizia tu. Wanaulizia afya ya nyumba.”

“Afya ya nyumba ipo kwa binti, na binti kashapima na mwenzake hospitali, majibu mliyaona. Sasa mnauliza afya ya nani?”

Akatazama kofia yake. Mwe! Nilimtoa mzee wa watu mbiombio, hata chai hakumaliza. Nikamwambia akawaambie waliomtuma kwamba siku ya harusi mama bibi harusi atakuwa meza kuu, atagonga glasi na mama bwana harusi mbele ya ukumbi mzima na atainywa mpaka chini, na mwenye macho atatazama.

Ilikuwa hasira iliyosema, lakini maneno yakawa yameshatoka. Miaka ile harusi bila shampeni haikuwa harusi. Chupa za mapovu zilikuwa ndiyo zimeingia, na kila ukumbi kuanzia Mbeya mpaka Kyela walitaka kizibo kiruke. Shampeni ikishafunguliwa, wazazi wa pande mbili wanagonga na kunywa, na hapo ndipo watu wanapotazama nani kamkubali nani. Binti yangu alinikuta nimekaa kwenye kigoda, akaja akachuchumaa mbele yangu.

“Mama, waambie tu ni sukari. Yaishe.”

“Siwezi kusimama barabarani nikitangaza damu yangu.”

“Basi siku ile unywe, mama. Ukikataa glasi watasema unajua unachokificha. Nitaingia kwenye nyumba ile nikiwa mtoto wa yule mwanamke.”

Alisema hivyo, halafu akalia, na mimi nikalia naye, na sikuona haya. Huo ndio uliokuwa mzigo wangu. Nikikataa kunywa, mwanangu anakwenda kuishi na minong'ono jikoni kwa mama mkwe wake. Nikinywa ile sharubati ya mapovu wanayoiita shampeni, ninarudisha kwa mkono wangu kila nilichokipigania. Mtu mwingine angeona ni glasi moja tu, itamfanya nini. Mimi nilikuwa nimeshakitazama kidole changu kikigeuka rangi, na nilishajua kwamba nikimeza sukari ninakilisha kidonda.

Nikarudi kwa yule daktari. Akafikiri, akasema glasi moja, siku moja, nikiwa nimeshakula, haina shida, mradi mvinyo wenyewe uwe haujabaki na utamu. Ipo ya namna hiyo, akasema, sukari ya zabibu yote inakuwa imegeuka kilevi. Lakini yeye mwenyewe hakuwa mnywaji, hakujua chupa gani. Haya, nikasema, chupa nitaitafuta.

Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Wee! Pale Tukuyu nilipita duka kwa duka. Kila mwenye duka alinishushia chupa yenye shingo ya dhahabu, akaipangusa vumbi, akasema neno lilelile: “Hii tamu sana, mama.”

“Nataka isiyo tamu.”

“Isiyo tamu?” Wananitazama. “Ya harusi?”

“Ya harusi.”

Mmoja aliniuliza kama nina ugomvi na wakwe. Mwingine alinionyesha siki. Nilikuwa naelewa, maana mimi pia ni mfanyabiashara: kwetu mtu akitoa fedha anataka utamu wake. Kamati ya vinywaji ya harusi nayo ilikuwa na kichwa kigumu. Mwenyekiti wao, shemeji yangu, alikuwa anachagua shampeni kwa mlio. Alikuwa na habari za kizibo cha harusi fulani ya Mbeya kilichotoboa dari, na alitaka kitu kama hicho. Tukakubaliana: yeye anunue za ukumbi kwa mlio wake, mimi nitaleta ya meza kuu, na asiniulize.

Nikapanda mpaka Mbeya. Huko kulikuwa na duka kubwa la vinywaji vinavyopita mpakani kutoka kusini, na mwenye duka alikuwa mtu mwelewa. Akaniwekea mezani chupa za aina tatu, akasema tamu kabisa haimo humo. Nikamwuliza kati ya hizo ipi haina utamu hata chembe. Akageuza karatasi za nyuma, zimeandikwa lugha za kwao huko. Akasema, “Mama, kusema kweli mimi nauza tu.” Nilimpenda kwa jibu hilo. Nikabeba zote tatu.

Ungefanyaje wewe? Kuonja ningeweza, lakini ulimi wangu ulikuwa umekaa muda mrefu bila sukari, kila kitu ulikiona kitamu, hata kabichi. Na wenzangu wote nyumbani wangeniambia yoyote wanayoipenda. Nilitaka mtu asiyepokea rushwa, asiyejali harusi ya nani. Nikakumbuka kwamba ninao.

Ilikuwa mchana, jua limetoka baada ya mvua. Nikafungua chupa zote tatu pale uani, nikachukua visahani vya chai, nikamimina kidogo kidogo, nikavipanga nyuma ya bafu. Binti yangu akatoka, akaona, akashika kichwa.

“Mama, unafanya nini?”

“Nimeita kamati,” nikasema. “Kaa utulie.”

Tukaburuta vigoda, tukakaa. Mapovu yakaisha. Sisimizi wa kwanza akaja, akatembea ukingo wa kisahani cha kwanza, akageuka mbio kuwaita wenzake, na kabla hatujamaliza kumenya karanga kisahani kile kilikuwa cheusi. Wengine walizama kabisa kwa tamaa. Cha pili walikuja kwa kusitasita, wachache, lakini wakabaki. Cha tatu walikifikia, wakakinusa, wakakaa kama mtu anayesoma tangazo, wakaondoka. Nikakisogeza karibu na njia yao. Wakakizunguka. Nikachovya kidole kwenye kile kisahani, nikapaka juu ya jiwe la jua, kikakauka bila kunata. Maji ya ndizi yanavyonata nayajua, nimenata maisha yangu yote. Hiki hakikunata.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Chupa ilikuwa ya kijani, karatasi nyeupe isiyo na madoido, na chini ya jina kulikuwa na neno fupi la kigeni ambalo zile mbili hazikuwa nalo. Nikaliangalia mpaka nikalikariri umbo lake. Nikatuma Mbeya nikaletewa za kutosha meza kuu.

Kosa lilifanyika siku hiyohiyo, na mimi sikuliona. Dada yangu mkubwa alikuja kutoka Lupepo kusaidia maandalizi. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama yetu, na jikoni kwake hata askofu angepisha. Akakuta ile chupa ya kijani imebaki na robo, akamimina kwenye kikombe, akaonja. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye magunia ya mchele wa harusi. Nilisikia tu ametema.

“Mdogo wangu,” akasema, kwa Kiswahili chake cha kilimani, “hii sampeni umeinunua wapi?”

“Mbeya. Nzuri?”

Akafuta mdomo. “Nzuri,” akasema, na akaenda zake kukata vitunguu.

Siku ya harusi binti yangu alinikalisha mbele ya kioo na kunipaka rangi ya midomo, nyekundu, mimi niliyekuwa sijapaka hata siku ya harusi yangu. Nikamwambia nitafanana na mtu aliyekula damu. Akasema, “Mama, leo wote watakutazama mdomo. Acha upendeze.” Nikamwacha. Nilikuwa nimeshakula nyumbani samaki wangu na mboga, na gauni la kitenge nililolipunguza kiunoni lilinikaa sawasawa. Niliingia ukumbini Tukuyu kichwa juu. Nilisikia minong'ono ikinitangulia na nikatembea juu yake.

Kwenye meza kuu nilikuta glasi za shampeni zimeshapangwa, zimefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Nikajua ni mkono wa dada yangu. Mbele yangu niliomba glasi ya kawaida ya maji, kwa sababu kila mtu alikuwa na soda. Mama bwana harusi alikaa kiti cha pili kutoka kwangu, gauni la bluu, uso mkavu, tukasalimiana kwa adabu, basi. Chakula kikapita, kwaya ikaimba, pilau ikapita mbele yangu na sikuitazama.

Kisha MC akashika kipaza sauti. “Mabibi na mabwana! Sasa tunawaita mama zetu wawili!”

Tukasimama. Kizibo kikaruka, kwa mlio ambao hata shemeji yangu aliupigia makofi. Kitambaa kikafunuliwa. MC akamimina glasi ya mama bwana harusi kwanza, halafu yangu, na loo, shampeni ikachemka. Ikapanda povu jeupe mpaka juu, ikamwagika mezani, ikafuata kitambaa cha meza mpaka kwenye viatu. Ukumbi mzima ukalipuka vigelegele. “Shampeni ya kweli hiyo!” mtu akapiga kelele. Mimi nikajua hapana. Nilikuwa nimeimimina mwenyewe pale uani na haikufanya hivyo.

Nikainua glasi nikaitazama. Juu ya povu kulikuwa na sisimizi, anaogelea. Mwingine alikuwa ukingoni, ameshiba. Chini kabisa kulikuwa na chembe nyeupe zinazunguka zunguka.

Nikatazama mlango wa jikoni. Dada yangu alikuwa amesimama pale na mwiko mkononi, amevaa khanga yake mpya, ananitikisia kichwa kwa furaha, kama kusema usijali, nimekuokoa. Baadaye aliniambia aliona nimeuziwa iliyochacha na hakutaka kuniaibisha kwa wakwe, akaweka kijiko kimoja kimoja cha sukari kwenye kila glasi tangu asubuhi. “Kijiko kimoja tu,” akasema, “kingekuua?” Hasira yote ilinipanda, nikatazama uso ule ulionilea, ikashuka. Sikuwa na mtu wa kumkasirikia.

Ukumbi ulikuwa unangoja. Niliona wanawake wa Kiwira kwenye meza ya tatu wameinua shingo. Niliona binti yangu, shela imefunuliwa, ananitazama mdomo. Nikaishusha glasi mezani.

Nilisikia pumzi ya ukumbi ikivutwa. Huyo hapo, kakataa. Nikamnyang'anya MC kipaza sauti.

“Glasi hii ina sukari,” nikasema. “Mimi sinywi sukari, kwa sababu nina kisukari. Ndizi nawauzia nyie, mimi sili. Huku kukonda mnakokutazama ni maparachichi, mkitaka nitawafundisha. Aliyekuwa na swali jingine angekuja kuniuliza Kiwira, mimi nipo pale kila siku, asingemsumbua mshenga. Na hata ungekuwa ule ugonjwa mnaounong'ona, nisingewaambukiza kwa glasi, na nisingeacha kuwa mama wa huyu bibi harusi. Nimewaogesha wenye ugonjwa ule. Wengine ni ndugu zenu. Haya. Sasa naomba shampeni yangu.”

Nikachukua ile glasi yangu ya maji, nikamwaga maji yote kwenye chungu cha maua, nikamnyoshea MC. Akamimina. Mapovu yakapanda kidogo kwa heshima yake, yakatulia. Nikanywa nusu. Ilikuwa kali, kavu, baridi ya mawe ya mtoni, na niliipenda.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Nikasimama na nusu glasi yangu mkononi, na kwa mara ya kwanza siku ile sikujua nifanye nini. Nikamgeukia mama bwana harusi ili nimgongee, kama anataka.

Alikuwa ameshaweka glasi yake mezani, ile iliyojaa povu na sukari. Alikuwa ananitazama. Kisha akanyosha mkono, akachukua glasi yangu kutoka kwenye vidole vyangu. Kwenye ukingo kulikuwa na alama nyekundu, kubwa, pale niliponywea. Watu wote waliiona. Hakuifuta. Hakuigeuza. Akaweka mdomo wake palepale juu ya alama, akanywa mpaka chini.

Akakunja uso mzima. “Mwenzangu!” akasema, na kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu, kikalichukua neno mpaka nje. “Kitu kichachu hivi unakiwezaje?”

Ukumbi ukacheka, vigelegele vikaanza upande wa jikoni, sauti ya dada yangu juu ya zote. Mama bwana harusi akanirudishia glasi. Rangi haikuwepo tena ukingoni. Ilikuwa kwenye midomo yake.